Waliopona Hawakuwa 183

Kwa zaidi ya mwaka mmoja, hesabu ya korona nchini Tanzania ilisimama palepale: wagonjwa 509, waliofariki 21, waliopona 183. Taarifa ya mwisho ilitoka mwanzoni mwa Mei 2020, kisha Serikali ikaacha kutangaza. Kenya na Uganda ziliendelea kutoa takwimu zao. Za Tanzania zikabaki zilezile kwenye majedwali ya Shirika la Afya Duniani, WHO, mwaka ule ukaisha na mwingine ukaanza.

Tangu hapo mjadala umekuwa juu ya tarakimu ya pili. Walikufa wangapi hasa? Ni swali la haki, na wanaoliuliza wana makaburi ya kuonyesha. Lakini limeifunika tarakimu ya tatu, ambayo mkazi yeyote wa Boko aliyekuwapo mtaani Februari 2021 akiisoma leo atacheka. Waliopona hawakuwa 183. Walikuwa wengi mno, nao ndio mashahidi walio hai wa ugonjwa ule: wanajua ulianzaje mwilini, waliufanyia nini, nani aliwauguza na umewaachia nini. Taifa halijakaa chini kuwasikiliza, na kosa hilo linaendelea kuligharimu.

Boko iko pembezoni mwa Dar es Salaam, manispaa ya Kinondoni, kando ya Barabara ya Bagamoyo. Ukitoka mjini unapita Mwenge, Mbezi Beach, kisha Tegeta na kilima cha Wazo chenye kiwanda cha saruji, ndipo unaingia Boko kabla ya kufika Bunju. Wengi wa wakazi wake ni wahamiaji, watu walionunua kiwanja na kujenga kidogo kidogo, ambao riziki yao iko mjini na inawalazimu kudamka kuiwahi daladala. Agizo la mwaka 2020 kwamba abiria wakae kwenye viti tu, asisimame mtu, liliwaumiza zaidi watu wa pembezoni namna hii, maana gari lililojaa Bunju halikuwa na sababu ya kusimama Boko.

Masimulizi ya waliougua huko, ukiyasikiliza, yanafanana sana. Mwili unauma, kichwa kizito, homa inapanda jioni. Wazo la kwanza ni malaria. Mtu anakwenda zahanati, anapimwa, malaria hakuna. Anarudi na dawa za UTI au taifodi kwa sababu mgonjwa wa Dar es Salaam harudi nyumbani mikono mitupu. Baada ya siku tatu nne, chai ya tangawizi inakosa ladha. Anaongeza tangawizi, hasikii kitu. Mama anakaanga vitunguu jikoni, mgonjwa yuko mlangoni wala hasikii harufu. Hapo nyumba nzima imeshajua, na tangu hapo jina la ugonjwa halitajwi tena. Jirani akiuliza, anaambiwa mafua yamembana kidogo.

Kisha inapikwa nyungu. Sufuria kubwa, majani ya mpera, mwarobaini, mchaichai, mikaratusi kama ipo, malimau yaliyokatwa na maganda yake. Ikichemka inateremshwa sakafuni, mgonjwa anakaa kwenye kigoda, anainama, anafunikwa blanketi zito na sufuria lake. Mtu wa pembeni anashika pindo la blanketi ili mvuke usitoroke, na anamwambia avute pumzi ndefu. Akifunuliwa ametota jasho, macho mekundu, pua imefunguka. Anapewa kikombe cha malimau na vitunguu saumu, anabadilishwa shuka, analala. Kesho asubuhi anaulizwa, "Umeamkaje?" Akijibu kwamba leo afadhali, sifa zote zinakwenda kwa nyungu.

Hakuna sababu ya kumcheka mtu huyo. Aprili 2020 Rais John Magufuli mwenyewe ndiye aliyehimiza kujifukiza, na mwaka huohuo Hospitali ya Taifa Muhimbili iliweka sehemu maalumu ya huduma hiyo. Mvuke kweli hulegeza makamasi na kumpa nafuu aliyezibwa pua. Tatizo liko kwenye hesabu. Takwimu za awali ambazo WHO ilizitumia zilionyesha kwamba takriban wagonjwa 80 kati ya 100 walikuwa na dalili za kadiri na wangepona bila matibabu makubwa; 15 hivi walizidiwa na kuhitaji oksijeni, na 5 walifikia hali mahututi. Maana yake, ukiwafukiza watu kumi wa Boko, wanane watapona. Ukiwapa maji ya madafu watapona wanane. Kila kaya iliyopona ilikuwa na ushahidi wake mezani, na ushahidi huo haukuweza kumsaidia mgonjwa wa tisa na wa kumi.

Hao wawili ndio waliohitaji masimulizi ya wenzao. Korona ilikuwa na tabia ya kumpa mtu nafuu ya siku moja mbili kisha kumgeuka karibu na mwisho wa wiki ya kwanza. Ilikuwa pia na tabia ya kushusha oksijeni kwenye damu huku mgonjwa akiongea, akitania na kudai uji. Kidude kidogo cha kubana kidoleni, kama kibanio cha kuanikia nguo, kilitosha kufichua hila hiyo. Mtu mwenye afya husoma 95 na kuendelea. Chini ya 90 ni hatari, hata kama anasema yuko sawa. Waliougua mwezi mmoja kabla wangeweza kumwambia jirani jambo moja tu: siku ya saba usilale bila kumtazama mgonjwa. Hawakusema, kwa kuwa rasmi hawakuwa wameugua.

Kunyamaza huko hakukuanzia mtaani. Mwanzoni mambo yalikuwa wazi. Machi 16, 2020 Waziri wa Afya Ummy Mwalimu alimtangaza mgonjwa wa kwanza, mwanamke Mtanzania aliyerudi kutoka Ubelgiji na kutua Kilimanjaro, na siku chache baadaye nchi ikaambiwa anaendelea kupona. Msanii Mwana FA, Hamis Mwinjuma, alijitokeza mwenyewe kwa video mwezi huohuo akieleza kwamba amerudi kutoka Afrika Kusini, amepima na amekutwa na virusi. Alikuwa mtulivu, akawataka watu wajilinde. Alipona, na baadaye mwaka huo akachaguliwa kuwa mbunge wa Muheza. Kwa vijana wengi, hiyo ndiyo sura ya kwanza ya Mtanzania mwenzao mwenye korona, na ilikuwa sura ya mtu mzima wa afya anayeongea bila aibu.

Mei ikaja na mambo yake. Tarehe 3, akiwa nyumbani kwao Chato, Rais Magufuli alieleza kwamba sampuli za papai, mbuzi na kware zilipelekwa maabara kwa siri na baadhi zikarudi na majibu ya kuwa na virusi. Kesho yake mkuu wa maabara ya taifa akasimamishwa kazi. Tarehe 17, kanisani Chato, Rais alisimulia kwamba mtoto wake mwenyewe aliugua korona, akajifungia chumbani, akajifukiza na kunywa malimau na tangawizi, akapona na sasa anapiga pushapu. Hayo ndiyo yakawa maelezo ya kupona yaliyosikika kuliko mengine yote nchini. Mwezi uliofuata Rais akatangaza kwamba maombi yamejibiwa na ugonjwa umekwisha.

Juni hiyohiyo, Uingereza, watafiti wa jaribio lililoitwa RECOVERY walitoa matokeo yao. Walikuwa wamewapa wagonjwa 2,104 wa hospitalini dawa ya dexamethasone, ya bei nafuu na inayojulikana kwa miaka mingi, na kuwalinganisha na wengine 4,321 ambao hawakupewa. Kwa waliokuwa kwenye mashine za kupumulia, vifo vilipungua kwa karibu theluthi moja; kwa waliokuwa kwenye oksijeni, kwa moja ya tano. Kwa wasiohitaji oksijeni haikuonekana kuwa na faida. Waliyajua hayo kwa sababu kila mgonjwa, aliyekufa na aliyepona, aliandikwa alipewa nini na ikawaje.

Wimbi la mwanzo wa 2021 lilipopiga, Tanzania haikuwa na daftari la namna hiyo la kulifungua. Chama cha ACT-Wazalendo kilitangaza hadharani kwamba Maalim Seif Sharif Hamad, Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, ana UVIKO-19, yaani korona. Akafariki Muhimbili Februari 17. Siku sita baadaye, Waziri wa Fedha wa wakati huo, Dkt. Philip Mpango, alitokea mbele ya waandishi wa habari nje ya Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, kuzima uvumi kwamba amekufa. Alikohoa mfululizo na kupumua kwa tabu, huku akieleza kwamba anaendelea vizuri na kwamba kwa siku kadhaa hakuhitaji oksijeni. Jina la ugonjwa halikutajwa. Mwananchi wa kawaida akabaki na funzo la ajabu: aliyesema anaumwa nini amezikwa, na aliyepona hakusema alichoumwa.

Machi 2021 Katibu Mkuu wa Baraza la Maaskofu Katoliki, Padri Charles Kitima, alieleza kwamba katika miezi miwili mapadre zaidi ya 25 na masista 60 walikuwa wamefariki, wengi wakiwa na matatizo ya kupumua. Kanisa liliweza kutoa hesabu hiyo kwa sababu lina orodha ya watu wake. Mtaa wa Boko hauna orodha. Una msiba wa nyumba ya tatu, turubai na viti vya kukodi, na tangazo la msemaji wa familia kwamba marehemu alipata changamoto ya upumuaji.

Aibu nayo ilikuwa na sababu. Aprili 1, 2020, Kenya iliwaonyesha hadharani wagonjwa wake wawili wa kwanza kupona, msichana na mvulana, wakizungumza kwa video na Rais Uhuru Kenyatta. Nia ilikuwa njema, watu waone kwamba korona inapona. Kabla ya kesho yake kupambazuka msichana yule alikuwa ameshaitwa mwongo na mwigizaji mitandaoni, na mambo yake ya faragha yakaanikwa, hata Waziri wa Afya Mutahi Kagwe akataka wanaomtukana wachukuliwe hatua. Mkazi wa Boko mwenye genge, saluni au banda la chipsi aliyaona hayo kwenye simu yake. Angetoka hadharani kusema ameugua, nani angenunua nyanya zake?

Wapo watakaouliza faida ya kuyafukua haya sasa, na hoja yao ina uzito. Serikali ilikataa kuwafungia watu ndani, na katika mji ambao wengi hula walichopata siku hiyo, uamuzi ule uliwaokoa wengi na njaa. Woga wa 2020 nao ulikuwa mzigo. Ilibidi mtu awatoe watu hofu. Kuwasikiliza waliopona hakupingani na hayo. Tena ndiko kungewatoa watu hofu kuliko hotuba yoyote: jirani unayemfahamu, aliyelala siku kumi, leo anasukuma mkokoteni wa maji. Ila angeeleza pia usiku aliokaribia kuzimika, na hospitali aliyokimbiziwa.

Pengo lililoachwa na ukimya wa waliopona lilijazwa na wengine. Chanjo zilipowasili Julai 24, 2021, dozi 1,058,400 za Johnson & Johnson kutoka Marekani kupitia mpango wa COVAX, Rais Samia Suluhu Hassan alichanjwa hadharani siku nne baadaye, Ikulu Dar es Salaam. Mbunge wa Kawe, jimbo ambalo Boko imo ndani yake, Askofu Josephat Gwajima, akazipinga madhabahuni wiki baada ya wiki. Agosti 31 Bunge lilimsimamisha kwa mikutano miwili kutokana na kauli zake. Mpiga kura wa Boko alijikuta kati ya Rais wake na mbunge wake, bila sauti ya tatu ya mtu wa mtaa wake aliyelala na mtungi wa oksijeni pembeni na kujua kinachozungumzwa. Januari 2022 waliokamilisha chanjo walikuwa chini ya watu 3 kati ya kila 100 nchini. Hatua zilipigwa baadaye, chanjo ilipoanza kuwafuata watu walipo, na kufikia Aprili 2023 ilikuwa imewafikia karibu nusu ya wananchi.

Fedha nazo zilikuja. Mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa wa shilingi trilioni 1.3 ulijenga madarasa 15,000 ambayo hadi leo yanaitwa madarasa ya UVIKO, ukanunua vifaa vya wagonjwa mahututi na mitambo ya kuzalisha oksijeni. Hivyo ni vitu vya maana, na mgonjwa wa leo yuko pazuri zaidi kuliko wa 2021. Lakini mtungi hauelezi mgonjwa aletwe siku ya ngapi. Hilo linajulikana na waliomchelewesha na waliomuwahisha.

Kuna na waliopona ambao hawajapona sawasawa. Mwaka 2021 WHO iliipa hali hiyo maelezo rasmi: dalili zinazoonekana ndani ya miezi mitatu tangu mtu augue, zikadumu angalau miezi miwili bila sababu nyingine. Uchovu, pumzi fupi, kusahau, moyo kwenda mbio, harufu kupotea. Makadirio ya karibuni ya shirika hilo ni kwamba watu wapatao 6 kati ya kila 100 waliougua hupatwa nayo. Na kwa kuwa uchambuzi wake wa Aprili 2022 ulionyesha kwamba zaidi ya theluthi mbili ya Waafrika walikuwa wamekwisha kuambukizwa, mara 97 ya waliothibitishwa kwa vipimo, hao 6 wa kila 100 si watu wachache hata kama wengi waliambukizwa bila kuhisi kitu.

Wanaonekanaje mtaani? Ni mama ntilie anayeambiwa na mteja kwamba maharage yanaungua, yeye amesimama juu ya sufuria. Ni fundi mwashi aliyekuwa akipandisha zege ghorofa ya pili bila kupumzika, sasa anapumzika kwenye ngazi ya sita na vijana wanamwita mzee. Ni mwalimu anayesimama mbele ya darasa na jina la mwanafunzi wa kila siku likamkatalia. Wakienda hospitali hupimwa presha na sukari, wakikutwa salama huambiwa wana msongo wa mawazo. Daktari hana pa kuanzia, kwa sababu kwenye faili hakuna mahali palipoandikwa kwamba mtu huyu aliugua korona. Hakupimwa, na hata angetaka, vipimo wakati ule havikuwa jambo la kuvuka barabara na kuvipata.

Kwamba nchi inaweza kufanya vingine imekwisha kuonekana. Machi 2023 ugonjwa wa Marburg ulipozuka Kagera, Wizara ya Afya iliutaja kwa jina, ikatoa idadi na kuwafuatilia waliokaribiana na wagonjwa. Mlipuko ulipotangazwa kumalizika Juni 2, kila mmoja alijulikana: wagonjwa 9, waliofariki 6, waliopona 3. Watatu hao wa Bukoba Vijijini wana kumbukumbu zaidi hospitalini kuliko maelfu ya wakazi wa Kinondoni na Temeke waliopitia korona.

Kuwasikiliza waliopona korona hakuhitaji tume wala mchunguzi wa kutafuta mkosaji. Januari 2024 Serikali ilizindua mpango wa kuwapata wahudumu wa afya ngazi ya jamii 137,294 kwa miaka mitano, nchi nzima, na aliyeuzindua ni Dkt. Mpango yuleyule, wakati huo akiwa Makamu wa Rais. Wahudumu hao hupita nyumba kwa nyumba wakiuliza habari za wajawazito, watoto na wenye kifua kikuu. Ukurasa mmoja ukiongezwa kwenye fomu zao, bila jina la mtu, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, na Chuo Kikuu cha Muhimbili wangepata kitu ambacho hakipo popote: maelezo ya Watanzania kuhusu kuugua na kupona korona, mtaa kwa mtaa. Madaktari wa Hospitali ya Mwananyamala wangejua wamuulize nini fundi yule anayepumzika kwenye ngazi.

Waanze na kata moja tu, na Bunju yenye Boko yake inafaa, ipo mjini na haiko mjini, ina wenye magari na wenye mikokoteni. Maswali yasizidi matano: uliugua lini, ulitumia nini na siku ya ngapi, ulifika hospitali au hukufika, nini hakijarudi mwilini mpaka leo, na nani alikuuguza, maana huyo naye aulizwe.